Tuliokaa Nyuma ya Darasa

Nilipostaafu, vijana niliowaacha ofisini waliniambia, "Bi. Zuhura, tuandikie uliyoyaona, tusije tukaanza upya." Nimekubali, ila sitaandika nilipanda cheo lini wala nilistaafu na nini. Mambo hayo yana wasimulizi wake, na husimuliwa vizuri zaidi kwenye foleni ya pensheni. Nitaandika kazi yenyewe: ukaguzi wa shule za serikali katika kisiwa hiki cha Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Makupa. Nitaandika pia kwa nini siku hizi mtu akiniita "Bi. Mkaguzi" vichochoroni kwetu Kuze, najifanya sikusikia.

Kabla ya ukaguzi nilikuwa mwalimu wa madarasa ya chini, nikidhani nazijua shule. Siku yangu ya kwanza ofisini nilipewa mkoba wa ngozi uliofumuka mshono, kalamu ya kijani, kalamu nyekundu, na futi kamba ya kupimia. Nilidhani nimepewa mkoba wa fundi kwa makosa. Kumbe futi kamba ilikuwa ya kazi: tulipima upana wa madirisha, urefu wa madawati, na nafasi kati ya ubao na safu ya kwanza. Nimepima madirisha mengi kuliko seremala yeyote wa mji huu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Kazungu, mkaguzi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyejua kila mlango wa nyuma wa kila shule.

"Ukifika shuleni usiende ofisini," aliniambia siku hiyo. "Nenda chooni."

"Chooni kufanya nini, Bwana Kazungu?"

"Kukagua, mwanangu. Ofisi hupigwa deki wakisikia tu kwamba tunakuja. Choo husahauliwa."

Somo lake la pili lilihusu chakula. Shule zilikuwa na desturi ya kuwapikia wakaguzi pilau, na Bwana Kazungu hakuikataa, ila aliamuru iliwe baada ya madarasa, si kabla. "Ukishiba, kila mwalimu anafundisha vizuri," alisema. La tatu lilikuwa mahali pa kukaa. "Kaa nyuma kabisa, uwe kama kabati. Mwalimu akusahau, na watoto wasijue kama upo." Mawili ya kwanza nayakubali hadi leo, nanyi yashikeni. La tatu nitalirudia baadaye.

Nilikaa nyuma. Kwa miaka mingi nilikaa nyuma, goti limebanwa na ukuta, nikimwangalia mwalimu. Nilijua nani ana mwandiko mzuri ubaoni, nani anauliza swali na kulijibu mwenyewe, nani amekariri andalio la somo usiku na sasa amesahau katikati. Watoto nao niliwajua kwa visogo: vilivyonyolewa, vya nywele za mabutu, vya ushungi mweupe. Ungenionyesha uso wa mmoja wao mtaani singemtambua.

Ilikuwa desturi yetu kuwapigia simu walimu wakuu siku mbili tatu kabla ya kuwatembelea. Tuliiita heshima. Shule nayo ilijiandaa kama nyumba inayongoja posa. Maua yalimwagiwa maji, watoto watoro walifuatwa majumbani, michoro ikabandikwa ukutani. Muhula mmoja niliuona mchoro wa tumbo la binadamu, wenye doa la chai juu ya ini, katika shule moja ya Mji wa Kale. Wiki iliyofuata nikauona katika shule nyingine, doa likiwa palepale. Tulipoukuta katika ya tatu, Bwana Kazungu aliniinamia sikioni.

"Zuhura, ini hili latembea kuliko mimi na wewe."

Tulicheka hadi mwalimu akadhani tunamcheka yeye. Ulikuwa mzaha wetu wa muhula mzima, tukausimulia hata ofisini penye chai. Lakini katika shule zote tatu tuliandika kwamba vifaa vya kufundishia vipo. Haikunijia hata mara moja kwamba tulipoondoka, mchoro uling'olewa ukapelekwa kwingine, na watoto wakabaki na ukuta.

Nije kwenye maneno, maana kazi yetu ilikuwa maneno. Tulikuwa na neno "inaridhisha." Lilikuwa na ndugu zake: "inaridhisha kwa kiasi," "kuna nafasi ya kuboresha," "juhudi zinaonekana." Kwa maneno hayo manne unaweza kukagua shule zote za pwani usimuudhi mtu. Neno "imeshindwa" sikuwahi kuliona katika ripoti ya shule, wala kuliandika. Lilikuwapo, ila lilikuwa la watoto. Mtoto alishindwa, shule iliridhisha. Miaka yote hiyo sikuona ajabu yoyote katika hesabu hiyo.

Bwana Kazungu alistaafu, nikarithi eneo lake na miwani yake ya akiba, ambayo haikunifaa. Ndani ya eneo hilo mlikuwa na shule moja upande wa Makupa. Sitaitaja kwa jina lake. Nitaiita Shule ya Ukuta, kwa sababu ukuta wake wa nje, unaotazama barabara ya malori, ndio uliokuwa ukipakwa rangi kila mwaka. Niliitembelea mara kwa mara. Mara zote iliridhisha.

Zilipoanzishwa gredi za saba, nane na tisa katika viwanja vya shule za msingi, Shule ya Ukuta ilipewa watoto bila kupewa vyumba. Gredi ya nane iliwekwa katika iliyokuwa stoo ya madawati, na madawati yakabaki humohumo, sasa yakiwa na watoto. Mwalimu wao wa Kiswahili alifundisha pia kilimo na michezo, na kilimo chenyewe hakikuwa na hata kopo la mchicha. Nilipokwenda kumkagua, sikupata pa kukaa nyuma. Dawati la mwisho liligusa ukuta. Mwalimu, kijana wa watu, aliona haya, akanivutia kiti chake mwenyewe kando ya ubao. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikalikabili darasa uso kwa uso.

Alianza kwa kuwasomesha kwa pamoja, darasa zima kwa sauti moja. Kwa nyuma, usomaji kama huo husikika mzuri ajabu. Sauti inapanda na kushuka, nukta zinaheshimiwa, unaandika "wanafunzi wanashiriki" na kupindua karatasi. Mbele ni mambo mengine. Kwa mbele unaona midomo. Midomo ya msichana mmoja wa dawati la pili ilikuwa inachelewa, kidogo tu, kama mwangwi. Macho yake hayakuwa kitabuni. Yalikuwa kwenye mdomo wa jirani yake.

Somo lilipokwisha nilimwita kibarazani. Jina lake Saumu. Alikuwa mrefu kwa umri wake, ushungi umepigwa pasi vizuri, na alinipa shikamoo ya heshima. Nikampa kitabu, nikamwambia anisomee habari waliyosoma darasani.

Aliisoma yote bila kukosea neno. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nilikaribia kujicheka. Kisha, kwa mazoea tu ya kazi, nikafunua ukurasa wa mbele zaidi.

"Na hapa?"

Akautazama. Akautazama tena.

"Hapa hatujafika, Bi."

"Najua hamjafika, mwanangu. Nisomee tu."

"Mwalimu hajatusomea," alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfahamisha mgeni taratibu za nyumba. "Akitusomea mara mbili, n'takuwa naujua."

Ndipo nilipofahamu. Msichana huyu hakuwa mzito. Alikuwa amebeba kichwani vitabu vya gredi nane, kila ukurasa uliowahi kusomwa kwa sauti mbele yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha herufi zinavyoungana. Kazi aliyoifanya ili asijulikane ilikuwa kubwa kuliko kazi ya kusoma yenyewe. Mbele yake ulikuwa mtihani wa gredi ya tisa, ambao hausomewi mtu kwa sauti.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Mutua. Ni mtu wa bara aliyekaa hapa muda mrefu kiasi cha kukasirika akiitwa mtu wa bara. Si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu masimulizi kama haya hutafuta mtu mbaya, na mimi nilimtafuta pia.

"Mimi nimehamia shule hii nikamkuta gredi ya saba," alisema. "Waulize waliomleta."

Basi siku hiyo niliifuata njia ya Saumu kurudi nyuma, darasa hadi darasa, kama fundi anayetafuta bomba linalovuja. Mwalimu wa gredi ya sita akanipeleka kwa wa gredi ya tano. Wa gredi ya tano alisema alimkuta vilevile, na darasa lilikuwa na watoto wengi hadi mlangoni. Wa gredi ya nne alikuwa amehamishwa, na kwa muhula mzima nafasi yake haikujazwa. Watoto walifundishwa na kiranja. Nilishuka hivyo hadi nikamfikia Mwalimu Riziki wa gredi ya kwanza, mwanamke mnene mwenye chaki kwenye mikunjo ya vidole. Alikuwa akiwafuta watoto makamasi tulipokuwa tunaongea.

"Saumu namkumbuka," alisema. "Nilisema wazi kwamba bado. Lakini hairuhusiwi kumrudisha mtoto darasa, na mimi nilikuwa nao wanakaa hadi sakafuni. Nikasema mkaguzi akija ataona."

"Hakuja?"

"Alikuja. Alikaa pale nyuma. Akanisifu, darasa lina nidhamu."

"Mkaguzi yupi huyo?"

Mwalimu Riziki aliacha kufuta makamasi. Alinitazama, akidhani namfanyia mzaha.

"Si wewe, Bi. Zuhura?"

Nakumbuka mtoto mmoja alinivuta gauni akaniomba nimfunge kamba ya kiatu, nikainama, nikashukuru kwa kuinama.

Juma lile niliandika ripoti nisiyowahi kuandika mfano wake. Nilisema shule hii na ofisi inayoikagua hazikuwafundisha watoto hawa kusoma. Mkubwa wangu aliisoma mbele yangu, taratibu, kisha akaagiza chai. Kwetu ofisini, mkubwa akikuagizia chai si dalili njema.

"Bi. Zuhura, tusiwavunje walimu moyo. Na hili la 'ofisi inayoikagua,' hapa unamtaja nani?"

"Najitaja mimi."

"Basi unaona ugumu wake," akasema, kama aliyenisaidia.

Ilipotoka mikononi mwake ripoti ilisema ujuzi wa kusoma unahitaji kuimarishwa. Nilitia sahihi. Vijana, hapa ndipo pa kusikiliza. Hakuna aliyenitisha, wala hakuna aliyenihonga. Nilikunywa chai ile, nikatia sahihi, kwa sababu sentensi yenyewe haikuwa uongo.

Mkutano wa wazazi wa Shule ya Ukuta ulifuata. Niliketishwa meza kuu, yenye kitambaa na maua ya plastiki. Wazazi walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, na kando yetu ikapangwa kwaya ya watoto iliyotuimbia nyimbo za kukaribisha wageni. Saumu alikuwa safu ya mbele. Bila shaka alikuwa mbele, maana nani aliyekuwa akijua maneno yote kama yeye? Mwalimu Mutua akasoma muhtasari wa ukaguzi: shule inaridhisha, kusoma kunahitaji kuimarishwa. Wazazi wakapiga makofi.

Mwanamke mmoja akasimama. Mikono yake ilikuwa na unga hadi viwikoni, alama ya kazi ya asubuhi, maana hakuwahi kunawa vyema. Alijitaja kuwa Bi. Mishi, mama wa Saumu, anayeuza mahamri na mbaazi Majengo, na mumewe ni mpakiaji bandarini Kilindini.

"Mimi sikusoma, mnisamehe," alianza. "Huyu mwanangu nyumbani huniimbia kitabu kizima, nami hufurahi. Lakini juzi nimempa chupa ya dawa ya mdogo wake anisomee ni vijiko vingapi. Akanambia macho yamuuma. Nikaenda kwa jirani." Akanigeukia. "Bi. Mkaguzi, kaniambia wewe ulimwita ukamsikiza. Nakuuliza wewe, kwa haki ya Mungu. Mwanangu yuwajua kusoma ama hajui?"

Kila aliyekuwapo alinitazama. Mwalimu Mutua alishika karatasi yake. Nilifikiria ripoti iliyopakwa asali, nikaifikiria chai, nikajiambia kwamba leo angalau nitasema kweli. Nilijiona jasiri. Ndivyo nilivyojiona, na ndicho kinachonichoma zaidi.

"Hajui," nikasema.

Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, "Gredi ya nane?" na mwanamke fulani akacheka, kicheko kifupi alichokiziba kwa leso. Wanakwaya wakageuka wote kumtazama Saumu. Hakulia. Alitoka katika safu, akapita kati ya madawati ya wazazi kichwa kikiwa juu, akatoka langoni. Mama yake akakusanya leso yake akamfuata.

Mwalimu Mutua akasimama kuokoa mkutano. Alisema wazazi nao wafuatilie masomo ya watoto nyumbani, si kuwaachia walimu kila kitu. Mzazi mmoja akaunga mkono. Kikao kikahamia kwenye suala la sare na watoto wanaochelewa, kikafungwa kwa dua. Hakuna aliyeuliza nani alipaswa kumfundisha. Hata mimi sikusema, nami nilikuwa na jibu lake lote, darasa kwa darasa.

Saumu hakurudi shuleni. Wiki ikapita, na nyingine. Nikaenda kwao Majengo. Bi. Mishi alinipokea uwani, karai la mafuta likiwa motoni. Aliniamkia kwa ukamilifu wote wa salamu zetu, hali yangu, ya nyumbani, ya watoto, na hakunipa kiti. Anayejua adabu za hapa anaelewa uzito wa jambo hilo.

"Nimekuja kumwona Saumu."

"Yule pale. Mtazame."

Saumu alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Saumu mwanangu, rudi shule. Nitahakikisha unafundishwa."

"N'rudi nikaitwe nani?" aliuliza, akiitazama nazi. "Washanipa jina. Waniita Kwaya."

"Nilisema kweli. Mama yako aliniuliza."

"Ulisema mimi sijui." Sasa aliacha kukuna. "Mbona hukusema nani hakunifundisha? Watu wote pale walikuwa wamekaa. Hukumtaja hata mmoja. Ulinitaja mimi."

"Saumu!" mama yake akamkemea. "Huyu ni mtu mzima."

"Namwambia kwa adabu, mama. Sijampandishia sauti."

Kweli hakuwa amenipandishia sauti. Bi. Mishi akageuza hamri moja kwenye mafuta, kisha akasema bila kunitazama, "Adabu ni yake, lakini swali ni la sote."

Niliwaahidi kwamba nitalijibu palepale shuleni nilipolikwepa. Saumu akasema, "Mbele ya watu?" Nikasema mbele ya watu. Akarudi kwenye nazi yake.

Ofisini niliomba mkutano mwingine wa wazazi. Nikaambiwa bajeti ya viti imekwisha. Nikamwendea Mwalimu Mutua nikamwomba nafasi ya dakika chache katika gwaride la Jumatatu.

"Wataka kunivua nguo mbele ya watoto wangu?" aliniuliza.

"Nitaanza na zangu."

Alizungusha kifuniko cha kalamu. "Mimi nina mke bara, na shule hii ndiyo chakula changu," alisema. "Usinitaje kwa jina."

"Sitamtaja yeyote kwa jina ila mimi."

Jumatatu hiyo watoto walijipanga uwanjani kwa madarasa, wadogo mbele. Saumu alikuja na mama yake, wakasimama nje ya safu, karibu na lango, kama watu wanaoweza kuondoka wakati wowote. Niliwaambia watoto kwamba jina langu ni Zuhura, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha wanafundishwa. Nikawaambia kwamba katika shule hii wapo waliopandishwa darasa mwaka baada ya mwaka bila kufundishwa kusoma, na kwamba kosa hilo si lao. Ni la watu wazima, na mmoja wao ni mimi, kwa sababu nilikaa katika madarasa yao nikaandika kwamba yanaridhisha. Nikasema kuna msichana niliyemwaibisha mbele ya wazazi, nilipopaswa kujiaibisha mwenyewe, na ninamwomba radhi.

Mwalimu Riziki alikuwa amekubali, baada ya watoto wake wa gredi ya kwanza kwenda nyumbani mchana, kufundisha kusoma kuanzia herufi. Kwa hiyo nilimaliza kwa kusema hivi: gwaride likiondoka, anayetaka kujifunza kutoka mwanzo abaki. Hapatatajwa jina la mtu, wala hakuna atakayechekwa. Niliyasema hayo nikimfikiria mtoto mmoja. Nilidhani labda watabaki wengine wawili watatu wa kumsindikiza.

Kengele ikagongwa. Wadogo wakaondoka. Gredi ya nne ikaondoka, na ya tano, ila katika kila safu walibaki wachache, wakitazama vidole vyao vya miguu. Saumu akatoka langoni, akaja akasimama mahali pake katika safu ya gredi ya nane. Zamu ya gredi ya nane ikafika, na wachache wa mbele wakatoka. Waliosalia hawakutoka. Waliangaliana. Kiranja wao, kijana mkubwa aliyekuwa akibeba kengele, aliiweka chini akabaki naye.

Safu ile ilibaki imesimama juani, karibu nzima. Saumu aligeuka kuitazama, akashangaa kuona aliokuwa akiangalia midomo yao. Yule jirani yake wa dawati, ambaye midomo yake ndiyo aliyoifuata siku ile, alikuwa amebaki pia.

"Bi. Zuhura," Mwalimu Mutua aliniambia kwa sauti ya chini, "hawa wote nitawaweka wapi?"

Nimekagua shule ile miaka yote hiyo, najua upana wa kila dirisha lake, na hilo sikuwahi kulipima.

Ofisini niliitwa, nikaagiziwa chai, safari hii sikuinywa. Muda wangu ulikuwa umekaribia kwisha, hivyo hapakuwa na haja ya kunihamisha. Shule haikuongezewa mwalimu. Kuna barua zilizoandikwa, na mimi nimeandika barua za aina hiyo, najua zinakoishia. Mwalimu Riziki hufundisha kibarazani mchana, nami humsaidia siku mbili kwa wiki. Msinipongeze kwa hilo. Mtu aliyeacha bomba wazi hapongezwi kwa kuja na kitambaa. Mnaotaka kujifunza kitu kutoka kwangu, chukueni hiki: ingieni darasani bila kupiga simu, mkae mbele, na mfunue ukurasa ambao mwalimu hajausoma. Na mkiulizwa nani hajui, msijibu kabla hamjataja nani hakufundisha.

Baadhi ya wale watoto wameanza kusoma. Wengine wameacha kuja, na sijui walikokwenda. Mtihani uko karibu, nao hautangoja mtu. Saumu analijua hilo vizuri kuliko mimi. Alhamisi iliyopita alinisomea ukurasa usiowahi kusomwa na yeyote mbele yake. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, na jasho likamtoka puani. Katikati ya mstari wa nne alikwama. Aliunga herufi mbili, akaziacha, akaziunga tena. Nilifungua mdomo nimsaidie.

Aliinua mkono wake bila kuondoa macho kwenye karatasi.

"Usiniambie, Bi.," alisema. "Ngoja."

Nikangoja.